Mayai Kumi na Saba Chini ya Koti la Babu

Nikubali mapema ili nisije nikaambiwa nimeficha: mpaka leo nikipita karibu na ile shule ya msingi pale Mwandiga huwa navuka barabara na kuangalia upande wa pili kama mtu aliyedondosha kitu, kwa sababu ndani ya darasa la tano, dawati la tatu kutoka dirishani, nilipata aibu ambayo hata watu waliohama zamani wakirudi kusalimia wanaikumbuka kuliko wanavyolikumbuka jina langu. Na chanzo chake ni mafuta ya taa. Siyo hata mafuta yenyewe, ni neno "haya" nililolisema asubuhi moja wakati nilitakiwa kusema "hapana".

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nakaa na Bibi mzaa mama, kijana mrefu, mwembamba, mwenye aibu ya kupita kiasi (nikiitwa jina mbele za watu watatu ulimi unakauka, wakifika watano nasahau kabisa kwamba ninao). Bibi alikuwa amekwenda Kagunga, ziwani karibu na mpaka wa Burundi, kununua dagaa, akarudi na magunia mawili ya dagaa na mama mmoja wa Burundi. Jina lake lilikuwa Esperansi, sisi tukalikata tukamwita Mama Espe. Alishuka kwenye boti na binti yake mgongoni na mayai matano ya kuku kifuani, ameyafunga kwa kitenge. Kuku wake alikuwa anaatamia siku walipokimbia, akashindikana kukamatwa, basi yeye akachukua mayai. Nyie, watu wanakimbia risasi, mtu anarudi ndani kuchukua mayai! Na mawili yaliangua vifaranga palepale Kagunga, ziwani pembeni, na Bibi akasema mtu wa namna ile hawezi kumwacha akae juani kusubiri gari.

Mimi nilimwogopa kwanza, kama ninavyoogopa watu wote, halafu nikampenda kwa jinsi alivyokuwa anafanya kazi. Alikuwa haongei mpaka mikono imemaliza. Mwaka ule kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita Mwandiga kikafagia karibu kuku wote, ukiamka asubuhi husikii jogoo, labda mmoja kwa mbali sana, kimya mpaka mtu unachelewa shamba. Kuku waliobaki walikuwa wa kuhesabu, na matetea wenyewe walikuwa wanataga lakini hawataki kuatamia. Mama Espe akasema, "Mtetea akikataa, tutaatamia sisi."

Akatengeneza mashine. Ninaiita mashine lakini lilikuwa sanduku la mbao lililowahi kubeba sabuni, akalizungushia sanduku jingine kubwa zaidi, katikati akashindilia maranda ya seremala ili joto lisitoke, chini akaweka taa ya chemli, juu yake bati, juu ya bati karai la maji ili hewa isiwe kavu, halafu wavu wa kulazia mayai. Pembeni akatoboa matundu manne ya kuziba kwa magunzi. Kipimajoto alikipata kwa mhudumu mmoja wa zahanati aliyekuwa anakitupa kwa sababu kimepasuka kwenye shingo. Joto likizidi anachomoa gunzi, likipungua anarudisha. Nilikaa nikimwangalia siku nzima, na nilikuwa najiuliza kitu kimoja tu, kwamba huyu mtu amekuja na nguo moja, hii akili yote aliifunga wapi?

Akina mama wa kijiji wakachanga mayai thelathini. Siku ya saba tukaziba dirisha, tukayamulika kwa tochi, moja moja, akanionyesha mishipa myekundu imetambaa kama mizizi na katikati kitu kidogo kinadunda. Yasiyo na kitu akayatoa. Baadaye akayatoa na yaliyokufa. Yakabaki kumi na saba. Mimi nilikuwa mgeuzaji, asubuhi, mchana na jioni, kila yai nimelichora msalaba wa mkaa upande mmoja ili nijue limegeuka, na sijapata kupewa kazi nikaiheshimu kama ile.

Sasa, mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameambiwa kwamba wakimbizi wanaokaa vijijini waende kambini, isipokuwa mtu ambaye kijiji chenyewe kimemwandikia barua ya kumhitaji. Akaja nyumbani, akainama akachungulia lile sanduku, akasema, "Mama, mimi sina ubaya na wewe. Vifaranga vikitoka, nitakuandikia barua mbele ya mkutano. Visipotoka, gari la kambini likija utapanda na mwanao." Mkutano ulikuwa Alhamisi. Vifaranga kwa hesabu ya Mama Espe vilikuwa vya Ijumaa. Akaomba asogezewe siku moja tu. Mwenyekiti akasema mkutano si kuku, hausubiri siku zitimie. Basi ikabaki aende aombe mbele ya watu wamvumilie mpaka kesho yake.

Alhamisi asubuhi akaondoka na gari la kwanza kwenda Kigoma mjini kupiga picha ndogo za kubandika kwenye karatasi zake, Bibi naye alikuwa Ujiji kuuza mawese. Kabla hajatoka akanishika bega.

"Fili, leo una kazi moja. Mayai sasa hatuyageuzi tena, na mlango wa sanduku usiufungue. Taa isizimike. Mafuta haya hapa kwenye chupa, yanatosha mpaka kesho jioni. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Chupa ilikuwa imejaa. Hata gari halijafika darajani, Mama Sijali wa nyumba ya pili akaingia na kikopo.

"Fili mwanangu, nipe tone la mafuta niwashie mkaa, maduka leo yamefungwa kwa ajili ya mkutano."

Nikasema haya. (Tone la Mama Sijali linajaza kikopo, na nikamwona akiondoka anatembea kwa uangalifu lisimwagike.) Haikupita muda akaja mwanamke mwingine: "Mama Sijali kasema kwako yapo." Haya. Akaja wa tatu, huyu hata hakuomba vizuri, alisema, "Wanasema wewe hujui kukataa," na mimi nikacheka kwa aibu na kumpa ili kuthibitisha kwamba ni kweli. Alipotoka nikainua chupa kwenye mwanga nikaona kilichobaki ni harufu.

Saa tatu yale kidogo yaliyobaki ndani ya chemli nayo yakaisha, ikaanza kunywa utambi wake yenyewe. Nikakimbia dukani, kufuli. Nikakimbia kwa Mama Sijali, mkaa umeshawaka na kikopo kikavu. Kurudi, moto umekuwa mdogo kama punje ya mtama, halafu moshi, halafu basi. Mkaa nisingeweza kuuweka mle ndani, Mama Espe alishaniambia hewa ya mkaa inaua kifaranga ndani ya ganda. Nikakaa nikiangalia kipimajoto, mstari unashuka, na mimi naona gari la kambini linakuja, naona yule binti mdogo anapandishwa nyuma.

Hapo ndipo nikakumbuka mayai matano ya Kagunga. Kama kifua cha mtu kiliweza kuvuka ziwa, tumbo la mtu haliwezi kufika jioni?

Nikachukua mbeleko ya Bibi, nikaipanga mikunjo mikunjo, nikatia yai moja moja, kumi na saba, nikajifunga kwenye tumbo tupu kuanzia chini ya kifua, nikalala chali kitandani. Jamani, usicheke. Nililala vile nikihema kidogo kidogo kama koo kwenye kiota, na kwa muda nilijiona mwenye akili sana. Mayai yalikuwa ya uvuguvugu, na moja lilikuwa linatikisika ndani kwa ndani, na nilijisikia vizuri moyoni kiasi kwamba nilimsahau Mama Sijali.

Ndipo fimbo ikagonga mlango.

"Kaya hii! Nani anakwenda mkutanoni?"

Alikuwa mgambo wa kijiji, tukimwita Komando, mtu mfupi mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Nikasema kwa ndani kwamba Bibi hayupo.

"Sikuuliza nani hayupo. Mkutano unaanza na habari ya mkimbizi wenu, na nyumba hii haina mtu hata mmoja? Toka, au ni faini!"

Nyie mngesema nini? Mimi ningemwambia Komando kwamba siwezi kutoka kwa sababu naatamia? Nikavaa koti la marehemu Babu, koti zito la kijivu linalonifika magotini, nikalifunga vifungo vyote mpaka shingoni, nikatoka kwenye jua.

Sijui kwenu mnasalimiana vipi, lakini kwetu Waha, na Warundi ni vilevile, salamu ni kukumbatiana. Kifua kwa kifua, mikono inakupapasa mgongoni, mtu anakuuliza habari za nyumbani na bado amekushika. Ukimpa mtu mkono mkavu kama karani anajua una neno naye. Na siku ya mkutano ndiyo siku ya kukutana na watu wote. Njiani kila mtu alikuwa anafungua mikono. "Mwakeye, Fili!" na mimi naruka pembeni kama nimekanyaga siafu, nainama kutoka mbali, nasema shikamoo nikiwa nimejikumbatia mwenyewe. Bibi mmoja mzee aliyenibeba nikiwa mchanga alibaki na mikono yake hewani.

"Kumaliza darasa la saba tu, hatufai tena?"

Nilitaka kulia. Nikaongeza mwendo, na ukiongeza mwendo na mayai tumboni unatembea kama bata.

Mlangoni mwa darasa nikafika nikiwa nimewakwepa watu kama ishirini, nikidhani nimepona, na Mama Sijali akanitokea kwa nyuma ya mlango. Yeye hakungoja nifungue mikono. "Fili wangu, mwokozi wangu, mkaa uliwaka vizuri!" akanivuta akanibana kwa mapenzi yote.

Nilisikia. Ka. Halafu kitu cha uvuguvugu kikaanza kunitiririka tumboni, kikashuka pajani, kikashuka ndani ya suruali mpaka kwenye goti. Mama Sijali akarudi nyuma, akaniangalia tumbo, akaniangalia suruali, akajipapasa gauni lake kuona kama nalo limelowa.

Nikakaa kwenye dawati la tatu kutoka dirishani, palepale nilipokaa nikiwa darasa la tano, ila sasa ubao wa dawati ulikuwa unanigusa tumbo na nilikaa nimerudi nyuma kama mtu anayenyolewa ndevu. Darasa lilijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti alikuwa mezani kwa mwalimu, mbele yake birika la chai na vikombe. Akafungua mkutano, akataja habari ya Mama Esperansi, na mzee mmoja nyuma akasema, "Mayai yetu thelathini, tumwulize ameyala na nini."

Watu wakacheka. Mama Espe hakuwa amefika bado. Mwenyekiti akazungusha macho.

"Filibeti, wewe unakaa naye. Simama uwaambie watu, mayai yako wapi?"

Nikasimama. Nilikuwa na jibu moja la kweli na fupi kuliko yote duniani, lakini ulimi ulishakauka. Koti limevimba, suruali imelowa, jasho linadondoka kwenye kidevu.

"Huyu kijana jana si alikuwa mwembamba?" akasema mtu.

"Ana mimba!"

"Na chupa imeshapasuka!"

Darasa zima likalipuka kwa kicheko, mwenyekiti mwenyewe akaficha mdomo kwa daftari. Na kilipotulia, katika ule ukimya watu wanapovuta pumzi, tumbo langu likasema: piii.

Hakuna aliyecheka tena. Likasema tena, piii, piii.

Komando akaja mbele yangu. Akaninyooshea fimbo, akanigusa kidogo juu ya kifungo, akasikia kitu kigumu, cha mviringo. Akagusa pembeni, kingine. Akagusa chini, kingine. Nikaona uso wake unabadilika. Mkumbuke ilikuwa miaka gani, kila wiki tulikuwa tunasikia habari za mabomu ya mkono yaliyopita mpakani, watoto shuleni walikuwa wanafundishwa wasiokote kitu cha mviringo porini. Na mimi badala ya kusema "mayai" nilifungua mdomo, nikaufunga.

"Bomu!" Komando akapiga kelele. "Amejifunga mabomu! Yanalia!"

Sijaona darasa likiisha watu haraka vile hata siku ya kufunga shule. Wengine walitokea mlangoni, wengine madirishani, yule mzee wa mayai thelathini alitokea dirishani akiwa na dawati mkononi, sijui la nini. Buti moja la Komando lilibaki mlangoni. Ndani ya muda mfupi nikawa nimebaki peke yangu, nimesimama, miguu haisogei, machozi yanashuka, na tumbo langu linalia piii kama linanifariji.

Ndipo nikamwona Mama Espe. Alikuwa ametoka mjini na gauni lake la kupigia picha, watu wanamkimbilia wanampita kushoto na kulia, mmoja anamvuta mkono anamwambia "rudi, rudi, kuna bomu," na yeye anakuja tu, hafanyi haraka, anapishana nao kama mtu anayeingia sokoni wakati wengine wanatoka. Akaliruka buti la Komando. Akasimama mbele yangu.

"Amahoro, Fili. Ni mangapi?"

"Kumi na saba," nikasema. Kwake ulimi ulikuwepo.

"Yana joto yote?"

"Moja... moja limevunjika."

"Basi acha kutetemeka. Unawatikisa watoto."

Akanifungua koti, akafungua mbeleko polepole, mkunjo mmoja mmoja. Mayai manne yalikuwa yameshatoboka, mdomo mdogo unaonekana, unagongagonga. Joto la tumbo langu, au hofu yangu, liliyaharakisha, sijui. Akaangaza darasani. Akachukua boksi la chaki, akaimwaga chaki, akatandika mbeleko. Akachukua birika la chai la mwenyekiti, akamimina chai ya moto kwenye chupa mbili za soda zilizoachwa na watu, akazifunga na kitambaa chake cha kichwa, akazilaza kwenye boksi kulia na kushoto, akapanga mayai katikati, akafunika kwa koti la Babu. Yote hayo nadhani yalichukua muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Hapo Mwandiga ikawa na mashine ya pili.

"Chai hiyo ina tangawizi," ikasema sauti kutoka chini ya meza.

Mwenyekiti akatokea, chaki nyeupe kichwani. "Nilikuwa naokota kalamu," akasema. Hakuna aliyemuuliza.

Watu wakaanza kurudi, vichwa kwanza kwenye madirisha. Yule bibi mzee niliyemnyima salamu akachungulia boksi, akaona kifaranga cha kwanza kinajisukuma, kimelowa, kibaya kama kidole cha mgonjwa, akamgeukia mwenyekiti.

"Kwa hiyo mkimbizi ndiye huyu? Mbona waliokimbia ni sisi?"

Mwenyekiti akajipangusa chaki. Halafu akaomba karatasi, akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kidevuni, akaandika barua mbele yetu wote, na pale alipoandika kwamba kijiji kinamhitaji aliandika akitamka kila neno kwa sauti. Mama Espe akampa picha zake. Barua akaikunja akaitia kifuani, palepale yalipokaa yale mayai matano.

Halafu Mama Espe akaniuliza mbele ya watu taa ilizimwa na nini. Mama Sijali aliangalia sakafu. Na mimi, nyie, nikasema. Mbele ya darasa zima, na madirisha, nikasema: "Mafuta niliyagawa mimi. Niliona aibu kukataa." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongea mkutanoni, na nilikuwa na suruali iliyolowa.

Mama Espe akanifungulia mikono. Nikaruka nyuma, mikono yangu miwili tumboni, kwa mazoea ya asubuhi nzima, na watu wakaangua kicheko.

"Njoo," akasema, "sasa huna kitu."

Akanikumbatia, tumbo tupu, suruali na aibu vyote.

Jioni ile Mama Sijali alileta chupa imejaa mafuta, hatukumwuliza alikoitoa. Mpaka Jumamosi walikuwa wametoka vifaranga kumi na vinne, mawili yalikuwa viza. Lile lililovunjika nililizika mimi nyuma ya jiko. Manyoya yalikuwa yameshaota yote, ya kahawia, na mdomo ulikuwa umeelekea juu, tayari. Hilo sijawahi kulifanyia utani.

Vijana wa Mwandiga mpaka leo wakikutana nami hawanikumbatii kwanza, wanasimama, wananigonga tumbo kwa kidole, wanauliza, "Fili, tuko salama?" Nacheka nao. Lakini tangu siku ile mtu akiniomba kitu nilichowekwa nikilinde, namwambia hapana, halafu narudia kwa sauti, na ulimi haukauki. Mama Espe alikaa nasi miaka, na jogoo wakarudi kuwika Mwandiga. Asubuhi wakianza, mimi bado nashika tumbo.